Mguu umevimba baada ya upasuaji wa ovari: kipimo kwanza, soksi baadaye

Assalaam aleikum wahariri,

Mimi ni mama wa miaka 51, fundi cherehani, naishi Tanga. Mwaka jana nilifanyiwa upasuaji wa saratani ya ovari Dar es Salaam. Karatasi niliyopewa inasema nilitolewa kizazi, ovari zote mbili, lile pazia la mafuta la tumboni, na tezi za limfu za nyonga na za pembeni ya mshipa mkubwa wa damu. Baada ya hapo nikapata mizunguko sita ya kemo, carboplatin na paclitaxel. Ilipoisha nikamshukuru Mungu, nikarudi kwenye cherehani yangu.

Sasa mguu wa kushoto unavimba. Ulianza kwa paja kuwa zito na chupi kuniachia alama kinenani, kisha uvimbe ukashuka mpaka kwenye kifundo. Asubuhi hupungua, jioni kiatu hakiingii. Nikibonyeza kwa kidole panabaki shimo. Hauna wekundu. Ila wiki hii shavu la mguu limeanza kuuma nikikanyaga. Vidole vya miguu yote miwili vina ganzi tangu wakati wa kemo.

Majirani wanasema ni matende. Wifi yangu aliniletea Lasix za duka la dawa. Nakojoa mno lakini mguu uko palepale. Mama mkwe anataka kunikanda kwa maji ya moto na chumvi, na kuna mzee anayechanja mguu ili "maji mabaya" yatoke. Mwenyewe nimenunua soksi ya kubana inayoishia chini ya goti. Inanikata pale juu, na goti ndiyo kwanza linazidi kujaa.

Je, saratani imerudi? Niache cherehani? Naweza kusujudu? Na mume wangu anauliza: hizo tezi zilikuwa na lazima ya kutolewa?

Fundi wa Tanga

JIBU

Waaleikum salaam, dada, na pole sana. Umeandika mengi, lakini kilichotushtua ni hilo shavu la mguu kuuma. Kabla ya soksi na bendeji, nenda ukapigwe ultrasaundi ya mishipa ya damu ya mguu, ile wanayoiita Dopla. Nenda leo, ikishindikana kesho asubuhi, hapohapo Tanga. Usingoje tarehe ya kliniki yako ya Dar.

Sababu ni hii. Saratani ya ovari ni mojawapo ya saratani zinazoifanya damu igande kirahisi ndani ya mishipa, na upasuaji mkubwa wa nyonga pamoja na kemo huongeza hatari hiyo. Bonge la damu kwenye mshipa wa ndani huleta uvimbe wa mguu mmoja na maumivu ya shavu, na wekundu unaweza usiwepo kabisa. Kwa macho na kwa kubonyeza huwezi kulitenganisha na uvimbe wa limfu; hata daktari mzoefu hukosea. Mpimaji anatakiwa kuanzia kinenani kushuka hadi nyuma ya goti na kwenye shavu, akiukandamiza mshipa kwa kichwa cha mashine: mshipa mzima hubonyea ukafunga, wenye bonge haufungi. Mwombe apande juu pia aangalie mishipa ya nyonga, kwa sababu uvimbe wako ulianzia pajani, na bonge la nyongani huwakwepa wanaoishia kupima goti na paja. Ukiambiwa ulipie kipimo cha damu cha D-dima, kinachotafuta dalili za damu kuganda, badala ya Dopla, kataa. Kwa mtu aliyepita kwenye saratani na kemo huweza kupanda kwa sababu chungu nzima.

Mpaka majibu yatoke, vua hiyo soksi, usikandwe wala usichuliwe. Kutembea kwa kawaida ni ruksa. Lakini ukipata ghafla pumzi fupi, kichomo kifuani unapovuta hewa, kukohoa damu au kuzirai, nenda hospitali saa hiyohiyo hata kama ni usiku wa manane, kwa kuwa bonge huenda limehamia kwenye mapafu. Likipatikana mguuni, utapewa dawa ya kuzuia damu kuganda, ama sindano za enoksaparini ama vidonge kama rivaroksabani, kwa miezi 3 hadi 6 angalau. Mtajie daktari dawa zote unazotumia, za asili na aspirini zikiwemo, na kama kuna damu yoyote unayoiona ukeni au chooni.

Sasa swali linalokukosesha usingizi. Mguu peke yake hauwezi kusema kama saratani imerudi. Uvimbe mpya nyongani unaweza kubana mshipa au njia za limfu. Lakini hata mfuko wa maji ya limfu, usio na saratani ndani yake, unaobaki pale tezi zilipoondolewa huweza kubana vilevile. Vyote viwili hutafutwa kwa ultrasaundi ya tumbo na nyonga, kwa hiyo omba ifanywe siku moja na Dopla. Kisha CA-125, kile kipimo cha damu cha kufuatilia saratani ya ovari, ilinganishwe na namba zako za nyuma, kwani namba moja pekee haisemi mengi, na picha isipoeleweka daktari ataagiza CT. Mweleze pia kama tumbo linajaa, unashiba haraka kuliko zamani, choo kinafunga, unakonda au una maumivu mapya ya nyonga. Moyo, ini na figo huvimbisha miguu yote miwili, na vidonge vya presha vya amlodipini hufanya vivyo hivyo. Kwako ni mguu mmoja, kwa hiyo hatutapoteza muda huko.

Tuseme Dopla ni safi na nyonga ni safi. Hapo ulichonacho karibu kwa hakika ni limfedema, yaani uvimbe wa limfu, na inafaa uelewe inavyofanya kazi, maana ushauri wote wa majirani unaangukia hapo.

Mishipa midogo ya damu huvujisha maji na protini kwenye nyama ya mguu saa zote. Maji mengi na protini ile hurudishwa na mishipa ya limfu, inayopanda pajani na kupita kwenye tezi za kinena na za nyonga kabla ya kurudi kwenye damu. Tezi za nyonga zikitolewa, barabara kuu imekatwa; zinabaki njia za uchochoroni. Kwa wengine zinatosha. Kwa wengine zinazidiwa, baada ya wiki, miezi au hata miaka. Ndiyo maana uvimbe wa baada ya upasuaji wa nyonga mara nyingi huonekana kwanza pajani, kinenani au sehemu za siri, kama ulivyoeleza. Protini inayobaki huvuta maji, na ikikaa muda mrefu hugeuza nyama kuwa ngumu na kujenga mafuta. Mguu wako bado unaacha shimo na bado hupungua ukilala. Hiyo ni hatua ya mapema, ambayo matibabu hufanya kazi vizuri zaidi. Hatutakudanganya kwamba inapona ikaisha. Inadhibitiwa, na inayodhibitiwa mapema hukaa ndogo.

Kwa hiyo Lasix, yaani frusemidi, iache, isipokuwa kama daktari alikuandikia kwa ugonjwa mwingine. Inatoa maji kupitia figo, protini inabaki mguuni na kuyavuta mengine, na wewe unapungukiwa na potasiamu bure. Kukandwa kwa maji ya moto pia hapana, pamoja na heshima zote kwa mama mkwe. Joto huongeza damu inayoingia mguuni na hivyo maji yanayovuja. Na kwa ganzi uliyonayo utaungua bila kujua. Hata maji ya kuoga yapime kwa kiwiko, si kwa mguu. Kuchanja ndiyo hatari kuliko vyote. Kila mkato ni mlango wa bakteria kwenye mguu ambao ulinzi wake umepungua, na limfu huweza kutiririka kwenye kidonda hicho kwa wiki nyingi.

Kuhusu matende, majirani hawajakosea kufikiria hivyo. Ukanda wa Tanga umeyajua kwa vizazi, na dawa za kingatiba za ivermectin na albendazole zimegawiwa huko. Kuna kipimo cha haraka cha tone la damu la kidoleni. Kifanye. Hata kisipoonyesha kitu, kuna faida ya kumtafuta mratibu wa magonjwa yasiyopewa kipaumbele wa halmashauri yako, kwa sababu wauguzi wanaofundisha wagonjwa wa matende kuosha na kutunza mguu wanajua kitu ambacho kliniki nyingi za saratani husahau kufundisha. Utunzaji wa ngozi ni uleule.

Matibabu yenyewe yana nguzo ya kubana, na mengine huizunguka. Lakini anza na futi kamba yako, maana hakuna mgonjwa mwenye bahati ya kifaa na mkono wa kupima kama fundi. Lala miguu ikiwa imenyooka, weka alama ya kalamu kila sentimita 10 kuanzia kwenye unyayo kupanda hadi kinenani, zungushia futi bila kukaza, andika miguu yote miwili kwenye daftari. Pima kila wiki, saa ileile ya asubuhi. Tofauti ya sentimita 2 au zaidi kati ya mguu na mguu katika alama ileile inahesabika, na namba zinazopanda wiki mbili mfululizo zina uzito kwa daktari kuliko neno "naona umeongezeka".

Mguu ukiwa umejaa hivyo, soksi si ya kuanzia. Kwanza unapunguzwa kwa bendeji za tabaka, kila siku kwa wiki 2 hadi 4, na mtaalamu wa fiziotherapia anayejua limfedema. Muulize wazi kama amewahi kufunga mguu wa limfedema. Asiyewahi asijifunzie kwako. Bendeji ziwe zile zisizovutika sana. Krepu ya kawaida ya dukani huvutika mno: unapotembea inafuata misuli badala ya kuizuia, na unapopumzika inaendelea kubana. Ile isiyovutika hufanya kinyume, yaani misuli ikijaa inagonga ukuta na kusukuma limfu juu, mguu ukitulia ukuta nao umelegea. Ndiyo maana bendeji bila kutembea hazifanyi kazi.

Mpangilio ni huu: ngozi ipakwe losheni, ivalishwe soksi nyepesi ya pamba, vidole vifungwe shashi kimoja kimoja, kifundo na nyuma ya goti viwekewe pamba au sponji, halafu bendeji. Ile ya sentimita 8 ianzie karibu na vidole, ya 10 ipande shavuni, ya 12 pajani hadi kinenani, kila mzunguko ukifunika nusu ya uliotangulia, unyayo ukiwa umekunjwa pembe mraba. Mkono uvute kwa nguvu moja tangu chini hadi juu. Kwa kuwa kifundo ni chembamba na paja ni nene, mbano wenyewe utakuwa mkubwa chini na kupungua juu, na hicho ndicho kinachotakiwa. Ukimaliza, bonyeza ukucha wa kidole gumba: rangi irudi ndani ya sekunde 2 au 3. Vidole vikiwa vya bluu, vyeupe, baridi au vinauma, fungua palepale bila kumsubiri mtu. Kwa kuwa una ganzi, usitegemee kuhisi. Tazama kwa macho. Kama una kisukari au mapigo ya damu ya mguuni hayashikiki, upimwe mzunguko wa damu kabla ya kubanwa kabisa.

Soksi hupimwa siku mguu umepungua, asubuhi, si jioni. Hiyo uliyonunua inakosea mahali, si wazo. Uvimbe wako uko pajani na kinenani. Soksi inayoishia chini ya goti inabana palipo chini na kuyaacha ya juu, na ule ukingo wake unafanya kazi ya mpira wa sketi uliokazwa mno. Unahitaji inayofika kinenani au, bora zaidi, ya mtindo wa suruali inayoshika na nyonga. Angalia namba kwenye boksi: 20 hadi 30, au 30 hadi 40, milimita za zebaki, kadiri fizio atakavyoona. Soksi nyeupe za wodini, zinazovaliwa baada ya upasuaji, zina mbano mdogo na zilitengenezwa kwa mtu aliyelala. Nunua pea mbili ukimudu, moja iwe kambani, nyingine mwilini. Vaa asubuhi kabla hujasimama sana, kwa glavu za mpira za kuoshea vyombo ili uishike bila kucha kuichana, na usiruhusu mikunjo. Vua unapolala. Fua kwa sabuni laini na maji ya uvuguvugu, anika kivulini, usipige pasi. Baada ya miezi 6 hivi mpira wake umechoka, hata kama kwa macho inaonekana mpya.

Kuchuliwa kwa ajili ya limfu kupo, lakini si kule kunakoacha alama. Mkono unasogeza ngozi tu, kwa uzito mdogo, bila mafuta ili ngozi isiteleze. Mtaalamu huanza na pumzi ndefu za tumboni, halafu kwapa la upande uleule, ubavu, kisha paja, akielekeza maji kwapani kwa sababu njia ya kinenani imefungwa. Akufundishe ufanye mwenyewe dakika 15 kila siku. Ikikupasa kuchagua kati ya kuchuliwa huku na bendeji kwa sababu ya fedha, chagua bendeji.

Ngozi sasa, na hapa usifanye mchezo. Unatia udhu mara tano kwa siku, na maji yanayobaki kati ya vidole huzaa fangasi, fangasi huchana ngozi, na bakteria wanapita hapo. Weka kitambaa safi karibu, ukaushe kati ya vidole kila baada ya kutawadha. Kukianza kuwasha au kuchanika paka klotrimazoli. Losheni isiyo na manukato usiku, ila si kati ya vidole. Usitembee peku hata ndani. Kagua nyayo kwa kioo kila jioni, maana pini na vipande vya sindano havikosi kwenye sakafu ya fundi, na mguu wenye ganzi hautakuambia umekanyaga. Nywele za kinenani usinyoe kwa wembe. Punguza kwa mkasi. Lala kwenye neti. Sindano yoyote isipigwe kwenye mguu huo wala tako la upande huo.

Siku mguu ukiwaka moto, ukawa mwekundu na kuuma, na mwili kutetemeka kwa homa, ni maambukizi ya ngozi. Nenda siku hiyohiyo. Ondoa mbano mpaka maumivu yapungue, inua mguu, anza antibiotiki utakayoandikiwa na uimalize. Kwa mguu wa limfedema kozi huwa ndefu, mara nyingi siku 14, na wanaonunua vidonge vya siku tatu ndio wanaorudi mwezi ujao. Kila shambulio huharibu mishipa ya limfu iliyobaki. Yakikupata mawili au zaidi kwa mwaka, zungumza na daktari kuhusu penisilini ya kipimo kidogo ya kila siku. Na kama itatokea ukarudi kwenye kemo, joto la 38 peke yake ni dharura hata mguu ukiwa mzuri.

Cherehani usiiache. Kama ni ya kukanyaga, ule mwendo wa kifundo juu na chini ni pampu nzuri ya shavu la mguu. Kanyaga kwa miguu yote miwili, soksi ikiwa imevaliwa. Adui ni kiti: ukingo wake ukibana chini ya paja kwa saa nzima. Weka mto, na usimame utembee kila baada ya nusu saa. Cherehani ya umeme ni mbaya zaidi kwako, kwa sababu mguu unaning'inia umetulia. Jioni tembea dakika 10, uongeze taratibu hadi 30. Kitanda kiinuliwe upande wa miguuni kwa tofali, sentimita 10 hadi 15. Kwenye basi la Dar vaa soksi, omba siti ya pembeni ya njia, kunja na kunjua kifundo, shuka kila linaposimama.

Kusujudu hakudhuru mguu, wala kupiga magoti. Kikao kirefu cha kukalia mguu ndicho kinachobana nyuma ya goti. Kaa kwenye kiti sehemu hiyo. Suala la kuvua soksi kila udhu au kupangusa juu yake mpelekee sheikh wako, umweleze kwamba ni kifaa cha tiba.

Kwa mumeo: inategemea ugonjwa ulikuwa hatua gani. Saratani inayoonekana kuwa ndani ya ovari tu, tezi huchukuliwa ili kujua kama imetoka, na jibu hilo hubadilisha uamuzi wa kemo. Tezi zilizovimba kwa saratani huondolewa kama sehemu ya saratani yenyewe. Kwa ugonjwa uliosambaa tumboni, utafiti wa Ujerumani uitwao LION, uliochapishwa 2019, ulionyesha kwamba kuondoa kwa mpango tezi zinazoonekana za kawaida, baada ya saratani yote inayoonekana kutolewa, hakukuongeza maisha bali matatizo, na madaktari wengi wameacha tangu hapo. Mwende naye kliniki na jibu la maabara la upasuaji mkononi, aulize hatua ilikuwa ipi, tezi ngapi zilitolewa kila upande na ngapi zilikuwa na saratani. Nakala ya jibu hilo mpelekee na fizio. Itamwonyesha kama mguu wa kulia nao unahitaji kupimwa kwa futi, hata kama leo hauna kitu.